Tangazo la Tano

Jumatatu, 3 Februari

Daftari hili nililinunua kwa ajili ya mapishi. Sasa litabeba mambo ya daraja, kwa sababu nisipoyamwaga mahali nitamrushia mtu stepla, na stepla ya ofisi ni moja tu.

Mimi ni karani wa mji wa Hadlock, watu mia saba na kumi, mwaka wa kumi na tisa huu. Mafuriko ya Julai yalibeba daraja la Kijito cha Tannery. Ng'ambo zimebaki nyumba ishirini na sita, na mojawapo ni ya dada yangu Odile. Odile figo zimekufa. Husafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, hospitali ya wilaya. Zamani ilikuwa dakika kumi na mbili kwa gari. Sasa mumewe, Armand, anamzungusha kwa barabara ya udongo ya mlimani, saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi. Na hapo udongo bado umeganda. Machi barafu ikishayeyuka, barabara ile humeza gari mpaka milangoni.

Daraja jipya ni dola milioni moja na laki mbili. Mji hauna. Kwa hiyo tunataka kutoa hatifungani: mji unauza karatasi ya ahadi, wenye pesa wananunua, sisi tunawalipa kidogo kidogo miaka ishirini. Leo baraza limepitisha azimio kwamba kazi ni ya lazima na mapato ya kawaida hayatoshi. Wananchi watapiga kura 4 Machi. Mkandarasi anatushikia nafasi mpaka katikati ya Mei, na mtoni haruhusiwi kuingia ila Juni mpaka Septemba, kwa ajili ya samaki. Tukikosa msimu huu, ni mwaka mzima tena.

Odile alinipigia simu. "Corinne, nikikosa daraja mwaka huu, nauza nyumba naenda kwa mwanangu Simone, Ohio. Mlima ule mwaka mwingine siuwezi."

Nikamwambia asihangaike, karani ni mdogo wake.

Jumanne, 4 Februari

Ofisi ilikuwa haijapata hata joto, Wendell Sprague huyo mlangoni. Miaka sabini na tisa, mwalimu mstaafu wa hesabu, mgane wa siku nyingi. Anaishi ng'ambo ileile, nyumba ya tatu kutoka kwa Odile, na daraja analipinga. Anazunguka mlima mzima kuja kupinga.

"Naomba azimio la jana."

"Wendell, jana ulikaa mstari wa mbele. Umelisikia lote."

"Nimelisikia. Sasa nataka kulisoma."

Nakala moja, senti hamsini. Nikagonga mhuri wa NAKALA na kuandika tarehe kwa mkono, ndivyo utaratibu ulivyo. Akasubiri risiti. Kwa senti hamsini.

Alhamisi, 13 Februari

Tangazo la kwanza limetoka gazetini. Sheria inataka litoke mara tatu, wiki tatu mfululizo, na la mwisho lisiwe chini ya siku tano wala zaidi ya kumi kabla ya kura. Pia libandikwe mahali patano penye watu. Ofisini, dukani, posta na maktaba, hizo nne hazina shida. Ya tano baraza likaamua iwe ng'ambo, na ng'ambo hakuna duka wala kanisa. Tukachagua banda la Armand la kuchemshia utomvu wa miti ya sukari mpaka uwe shira. Msimu ukianza kila mtu hupita hapo kuonja na kupiga soga, kwa hiyo ni mahali pa watu kuliko hata posta.

Wendell alikuja. Nakala moja. Risiti.

Jumatatu, 17 Februari

Baridi nyuzi ishirini chini ya sifuri. Wendell alikuja na rula. Alipima herufi za tangazo la ukutani.

Alhamisi, 20 Februari

Tangazo la pili. Theluji. Wendell. Nakala moja.

Jumatano, 26 Februari

Muujiza. Merrill, mhariri wa gazeti letu, mtu ambaye hata harusi yake alichelewa, leo kawahi. Kesho inakuja dhoruba ya theluji, kwa hiyo amechapa gazeti siku moja mapema ili liwafikie watu. Tangazo la tatu lipo, ukurasa wa saba, halina kosa hata moja. Nimempigia kumshukuru. Akasema, "Karani, ukitaka kazi nzuri wewe niachie mimi."

Wendell alikuja nalo mkononi. Akasimama kaunta, akaliangalia, akaniangalia mimi.

"Leo ni Jumatano?"

"Ndiyo, Wendell. Jumatano."

Akaandika kwenye kile kidaftari chake, akaaga. Hakutaka nakala. Nikajisemea, maskini, uzee umeanza kumwingia.

Jumanne, 4 Machi

Tumeshinda. 187 kwa 171. Odile alilia kwenye simu, na mimi nikalia hapo kaunta mbele ya watu wa baraza. Wendell alikaa mpaka kura ya mwisho ikahesabiwa, akavaa kofia, akanitakia jioni njema.

Jumamosi, 8 Machi

Jua. Utomvu umeanza kutoka. Armand amewasha jiko la banda, hatutamwona tena mpaka Aprili, ila siku za hospitali.

Ijumaa, 14 Machi

Nitaandika hili polepole, nisije nikatoboa karatasi kwa hasira.

Hakuna anayenunua hatifungani ya mji bila barua ya wakili wa kazi hiyo, anayesema kwamba kila kitu kimefuata sheria. Wetu ni Bi. Achterberg, yuko mji mkuu wa jimbo. Ni mpole, hapandishi sauti, na ndiyo maana anatisha. Nilimpelekea jalada lote wiki iliyopita, nimelifunga kwa utepe kama zawadi. Leo kapiga simu.

"Corinne, naomba unisaidie kitu. Tarehe kumi na tatu Februari ilikuwa siku gani?"

"Alhamisi."

"Na ishirini?"

"Alhamisi."

"Na ishirini na sita?"

Nikageukia kalenda ya ukutani. Nilijua kabla sijasema.

"Sheria inataka siku ileile ya wiki," akasema. "Wiki tatu, siku ileile."

"Lakini walitangaziwa mapema! Mapema ni bora kuliko kuchelewa."

"Huenda. Ila sheria haikusema mapema. Ilisema ileile."

"Watu wamepiga kura. Kura imeshinda."

"Sijasema haikushinda. Nasema siwezi kuandika barua. Mtu mmoja akienda mahakamani, hatifungani yote inaanguka, na daraja likiwa nusu."

Nilimuuliza tufanye nini. Turudie yote: azimio, matangazo matatu, mabandiko matano, kura. Tukianza Jumatatu tutawahi, kwa kubana sana.

Nilimpigia Merrill. Akasema alikuwa anasaidia. Nikamwambia asinisaidie tena maishani mwake. Akasema, "Lakini wewe ulinipongeza." Nikakata simu, kwa sababu ni kweli nilimpongeza.

Halafu Wendell akaingia kuomba nakala. Nikamwashia moto.

"Wewe uliona! Siku ile uliona, ukanyamaza!"

"Sikunyamaza. Nilikuuliza kama leo ni Jumatano."

"Ungesema waziwazi!"

"Mimi napinga daraja, Corinne. Kwani ni kazi yangu kukusahihishia?"

Nikamwambia yeye ni kinyongo kinachotembea kwa miguu miwili, kwamba dadangu anakufa nyumba ya tatu kutoka kwake na yeye anahesabu siku za wiki. Nikasema na mengine ambayo siyaandiki. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaweka senti hamsini kaunta na kwenda zake bila nakala.

Jumatatu, 17 Machi

Azimio upya. Kura itakuwa 15 Aprili. Nimempigia Odile. Akaniuliza kama kwangu kunanyesha.

Jumatatu, 24 Machi

Barabara ya mlimani imeanza kuoza. Armand alikwama na Odile ndani ya gari, saa mbili nzima. Wendell ndiye aliyewavuta kwa trekta lake. Odile anasema alivuta huku akihubiri kwamba daraja la mbao lingetosha, kwamba yeye hawezi kumtilia sahihi mtoto ambaye hajazaliwa ili aje alipe deni la zege letu. Walifika hospitali wamechelewa, wakamsafisha nusu muda.

Nikasema, "Angalau kawavuta."

"Akikubali daraja, mwakani hatakuwa na haja ya kuvuta mtu," akasema Odile. Kisha akaongeza: "Lakini nimesikia ulivyomtukana, Corinne. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo."

Nikamwambia mzee yule hajawahi kumzalisha mtu chochote ila risiti.

Alhamisi, 27 Machi

Tangazo la kwanza. Alhamisi. Nilimpigia Merrill asubuhi kumuuliza leo ni siku gani.

Ijumaa, 28 Machi

Mabandiko yote matano yapo. La banda la Armand nilikwenda kulipigilia mwenyewe, saa moja na robo za matope, kwa sababu simwamini mtu tena. Sheria inataka yakae siku kumi na nne kamili kabla ya kura. Nimempa Armand onyo: lisiguswe. Akaitika, macho kwenye utomvu wake.

Jumatano, 2 Aprili

Wendell karudi. Tangu siku ile hatujasalimiana vizuri. Alitaka nakala ya tangazo. Nakala ya kitu kilichobandikwa karibu na mlango wake. Sikumuuliza. Mhuri, tarehe, risiti.

Alhamisi, 3 Aprili

La pili. Alhamisi.

Alhamisi, 10 Aprili

La tatu. Alhamisi. Matope mpaka kwenye ngazi za ofisi. Watu wa ng'ambo wanauliza watafikaje kupiga kura. Nimewatumia fomu za kura za posta, ishirini na tatu, kila moja na bahasha mbili, na kila bahasha na maelezo ambayo hakuna atakayeyasoma.

Jumanne, 15 Aprili

194 kwa 190.

Kura nne. Tumehesabu mara tatu. Sikulia safari hii, nimechoka. Wendell akaomba nakala ya matokeo, na kanuni za ombi la kurudia kura. Kanuni zinasema ndani ya siku thelathini, wapiga kura thelathini na sita wakitia sahihi, kura inarudiwa. Siku ya mwisho ni 15 Mei, saa kumi alasiri. Ikirudiwa, mkandarasi ameondoka.

Alhamisi, 17 Aprili

Bi. Achterberg kapokea jalada. Kila kitu kizuri. Anataka kitu kimoja tu, kiapo changu cha maandishi kwamba matangazo yote matano yalikaa mahali pake siku zote kumi na nne. Afadhali. Hicho ni kitu cha dakika tano.

Jumapili, 20 Aprili, Pasaka

Nimerudi nyumbani, viatu vimeloa, na sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kula Pasaka kwa Odile. Nyama ya nguruwe, viazi, na yeye hali hata robo ya hivyo maana figo hazimruhusu, lakini kapika. Kapungua. Kwenye ukumbi niliona masanduku manne tupu ya kuhamia, yamepangwa ukutani.

Nikamgeukia Armand, ili kupata la kusema tu. "Tangazo langu halikusumbuliwa?"

Armand akaacha kutafuna.

"Lile la karatasi nyeupe?"

"Kwani kuna la rangi nyingine?"

"Corinne," akasema, "asubuhi moja kuni zilikuwa mbichi. Nilikuwa sijalala. Utomvu umejaa, nikiuacha unachacha. Nilinyoosha mkono nikachukua karatasi iliyokuwa karibu."

Aliliwashia jiko. Tangazo la hatifungani ya daraja, tangazo ambalo maisha ya mkewe yamelalia, yeye kaliwashia jiko la utomvu. Katika mji wa watu mia saba na kumi, aliyelichoma si mpinzani. Ni shemeji yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema waliosema, na nguo yenyewe inanuka moshi.

"Lini?"

"Jumapili ile ya kwanza ya Aprili. Saa tatu asubuhi hivi. Lakini nilipotoka tena mchana lilikuwepo! Nikajua umeleta jingine."

"Mimi sijaleta jingine."

Tukatazamana. Odile akaweka uma chini, taratibu. "Si uape tu, Corinne. Nani atajua?"

Nataka niandike ukweli hapa, maana hapa hakuna wa kunidai: nilikuwa tayari. Niliyaona yale masanduku manne nikasema moyoni, naapa, Mungu atanisamehe, yeye anajua matope. Kilichonizuia hakikuwa usafi wa roho. Nilitaka kwanza kujua kilichopo ukutani.

Nikatembea mpaka bandani. Tangazo lipo, limepigiliwa misumari minne, kila pembe mmoja. Mimi nilitumia miwili. Juu kulia lina mhuri wa NAKALA, na chini yake tarehe 2 Aprili, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Mtu aliyenunua nakala tarehe mbili Aprili ni mmoja.

Kisha nikaenda kugonga nyumba ya tatu, siku ya Pasaka, kwa mtu niliyemwita kinyongo. Alifungua akiwa na kitambaa cha mezani shingoni. Alikuwa anakula maharage peke yake.

"Karani."

"Wendell, tangazo la bandani."

"Karibu, futa miguu."

Mezani, kando ya sahani, kulikuwa na karatasi ya ombi la kurudia kura. Niliona sahihi nyingi. Naye aliona kwamba nimeona.

"Thelathini na moja," akasema. "Bado tano. Kaa."

Akaleta kidaftari. Alifungua kwa kulamba kidole, ukurasa mmoja mmoja, mpaka nikataka kumnyang'anya. Tangu 28 Machi alikuwa amepita bandani kila siku saa nne asubuhi, anaandika: lipo, lipo, lipo. Kisha akanisomea kwa sauti ya darasani.

"Aprili sita, Jumapili. Saa nne kamili: halipo, misumari ipo. Armand amelala kwenye kiti. Saa nne na dakika kumi: nimepigilia nakala yangu. Lipo."

Saa moja na dakika kumi. Ndilo pengo lote.

"Kwa nini ulirudisha?" nikamuuliza. "Ungeliacha, ungeshinda. Ungeandika 'halipo' ukampelekea wakili, basi."

"Ningemshinda nani? Jiko la Armand?" Akachukua kijiko cha maharage. "Nataka kukushinda wewe, Corinne. Kwa kura."

Nikamwomba aape. Ushahidi wake na wangu pamoja, ukweli wote, jiko na yote, huenda Bi. Achterberg angeukubali. Wangu peke yangu hauna thamani. Nilisema pia kwamba yale ya Machi nilikosea kuyasema. Yalinitoka kwa shida, lakini yalitoka.

Akafunga kidaftari.

"Nimekusikia," akasema. "Maharage yanapoa."

Jumatatu, 21 Aprili

Nimemwambia Bi. Achterberg kila kitu. Halafu akasema, "Alilichoma?" Halafu akasema kwamba pengo la saa moja, bila nia mbaya, likirudishwa siku ileile, anaweza kuliandikia barua. Ila awe na kiapo cha aliyelirudisha, kabla ya tarehe kumi na tano Mei kwisha. Bila hicho hawezi.

Jumatano, 23 Aprili

Wendell hakuja.

Jumatatu, 28 Aprili

Wendell hakuja. Mvua.

Ijumaa, 2 Mei

Hakuja. Nimesikia dukani kwamba anatembea nyumba kwa nyumba na ombi lake. Ana thelathini na tatu.

Jumanne, 6 Mei

Miezi mitatu nilimwomba Mungu mtu huyu asikanyage ofisi yangu. Leo kila mlango ukilia nainua kichwa. Amekuja mpelekaji barua, amekuja Merrill, amekuja mtu kuulizia leseni ya mbwa.

Ijumaa, 9 Mei

Odile amejaza sanduku la kwanza. Vyombo vya mama. Nilimwambia bado siku sita. Akasema vyombo havifungwi siku moja.

Jumatano, 14 Mei

Hakuja.

Alhamisi, 15 Mei

Saa tisa na dakika ishirini alasiri mlango ukalia.

Amevaa koti la suti, na tai. Mkono mmoja bahasha ya kahawia, mkono mwingine kidaftari. Akaweka bahasha kaunta.

"Ombi la kurudia kura. Naliwasilisha."

Nikafungua, nikahesabu kwa kidole. Thelathini na sita. Nikafungua orodha ya wapiga kura, nikaanza kuyalinganisha majina, moja moja, kama sheria inavyotaka. Yote yalikuwemo. Nilipofika la mwisho sikuona vizuri, machozi yalikuwa yamenitangulia.

"Zimetimia," nikasema.

"Hazijatimia."

Nikainua uso. Wendell akaweka kidole kwenye jina la thelathini na sita. Bi. Ostrander, wa nyumba ya bluu karibu na shule.

"Huyu kahamia New Hampshire mwezi Machi. Alisaini juzi alipokuja kuchukua kochi. Nilimsaidia kulipakia, ndipo akaniambia ameshajiandikisha kupiga kura kule. Si mpiga kura wetu."

"Kwenye orodha yangu bado yupo."

"Najua. Orodha yako imekosewa." Akasema kama anavyosahihisha daftari la mtoto. "Thelathini na tano. Andika kwamba limepokelewa na limeshindwa. Na mimi nipe nakala."

Nikamwangalia. Mwezi mzima ametembea kwenye matope yale, kwa miguu ya miaka sabini na tisa, mlango kwa mlango. Kalamu yangu ilikuwa tayari kumpa ushindi, na yeye peke yake duniani alijua si wake.

"Wendell, kwa nini?"

"Nilifundisha hesabu miaka thelathini na nane. Mtoto akinakili jibu sahihi kwa mwenzake, nilimpa sifuri." Akatazama saa ya ukutani. "Sasa niapishe. Kuna dakika thelathini na moja."

"Mwezi mzima nimekungoja! Kama ulikuwa unakuja kuapa, kwa nini hukuja wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita nilikuwa natafuta sahihi. Huwezi kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja ukazifanya vizuri."

"Na ungezipata thelathini na sita za kweli?"

"Ningewasilisha ombi, halafu ningeapa. Kiapo ni kile nilichoona. Hakihusiani na ninachotaka."

Akainua mkono wa kulia. Nikamwapisha. Akasoma kiapo mara mbili, akanirudishia nibadilishe "saa nne hivi" iwe "saa nne kamili," akatia sahihi. Dakika kumi kabla ya saa kumi kilikuwa kwa Bi. Achterberg, kwa barua pepe. Saa kumi na dakika tano kajibu kwa mstari mmoja: *Barua nimeisaini.*

Wendell alikuwa bado kaunta.

"Kuna jambo moja," akasema. "Ile nakala niliyopigilia bandani nilinunua kwa pesa yangu. Kubandika matangazo ni kazi ya mji."

Nikatoa senti hamsini kwenye pochi yangu. Nikamwandikia risiti kabla hajaomba.

Kisha nikampigia dada. Ililia mara saba. Nikamwambia. Hakulia, alikuwa amechoka kama mimi. Nilimsikia akimwita Armand, akimwambia ashushe vyombo vya mama avirudishe kabatini, na asivunje hata kimoja.

Jumatatu, 2 Juni

Mashine ya kwanza imeingia mtoni leo. Odile kaletewa kiti ng'ambo, blanketi miguuni. Mimi nilisimama upande huu, tukapungiana mikono juu ya maji. Hatua tano kutoka kwake alisimama Wendell na kidaftari, anatazama saa, maana kibali kinasema kazi isianze kabla ya saa moja asubuhi. Dereva aliwasha saa moja kasorobo. Wendell akamwonyesha saa, dereva akazima, na sote, dadangu na mimi na mji mzima, tukangoja dakika kumi na tano.